Mallory: Mwalimu aliyeishi na deni la wapagazi saba wa Everest

KWENYE Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi, iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, ilitolewa zawadi moja ambayo haikugombewa uwanjani. Ilikuwa zawadi ya kupanda milima. Baron Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki ya kisasa, aliitoa kwa msafara wa Waingereza waliojaribu kupanda Mlima Everest mwaka 1922. Orodha ya waliotunukiwa ina watu 21. Saba kati yao ni wapagazi wa kabila la Washerpa, na wote saba walikuwa wameshakufa. Walikufa siku moja, kwenye mteremko mmoja, ndani ya dakika chache.

Aliyekuwa akiongoza safari ya siku ile ni mwalimu wa historia aliyeitwa George Mallory.

Dunia inamkumbuka Mallory kwa swali moja tu: je, alifika kileleni mwaka 1924, miaka 29 kabla ya Edmund Hillary na Tenzing Norgay? Ni swali tamu la kijiweni, na watu watabishana hadi jua lizame. Ila ukitaka kumjua mtu mwenyewe, anza na ile siku ya 1922. Maana aliporudi mlimani miaka miwili baadaye, hakurudi mtu yuleyule.

MTOTO WA KASISI

George Herbert Leigh Mallory alizaliwa Juni 18, 1886, katika kijiji cha Mobberley, kaskazini magharibi mwa England. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Inasimuliwa kwamba mtoto huyu alikuwa hawezi kuona kitu kirefu akakiacha. Mti alipanda, ukuta alipanda, na kuna siku alikutwa juu ya paa la kanisa la baba yake.

Darasani alikuwa vizuri. Alipata nafasi ya ufadhili katika shule ya Winchester kwa sababu ya hesabu, na hapo ndipo mwalimu mmoja, Graham Irving, alipomchukua kwenda milima ya Alps mwaka 1904. Kijana alikuwa na miaka 18. Tangu siku hiyo, theluji ikamwingia damuni.

Akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma historia, akawa mpiga makasia mzuri wa chuo chake, na mwaka 1910 akaajiriwa kufundisha Charterhouse. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Robert Graves, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi na mwandishi mkubwa. Mallory alikuwa rafiki wa wanafunzi zaidi ya kuwa mkali wao, na Graves alipooa mwaka 1918, mwalimu wake huyo ndiye aliyemsimamia.

Mwenyewe alimwoa Ruth Turner Julai 29, 1914. Siku sita baadaye Uingereza ikaingia Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 alikuwa Ufaransa na kikosi cha mizinga, kwenye mapigano ya Somme, ambako vijana walikufa kwa maelfu. Alitoka mzima. Ruth alimzalia watoto watatu: Clare, Beridge na John.

KUTAFUTA MLANGO

Mwaka 1921 Waingereza walipata ruhusa ya kupita Tibet kwenda kuutazama Everest kwa karibu. Nepal wakati ule ilikuwa imefungwa kwa wageni, kwa hiyo upande wa kusini unaotumiwa na wengi leo haukufikika. Walitoka Darjeeling, India, wakatembea wiki nyingi. Njiani daktari wa sayansi Alexander Kellas, mtu aliyejua mambo ya kupumua kwenye miinuko kuliko wengi, aliugua akafa kabla hata ya kukanyaga mlima.

Mallory aliacha kazi ya ualimu ili aende. Miezi mitatu walizunguka mlima ule kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Septemba 24 yeye na wenzake wawili walifika kwenye bega la kaskazini la mlima, mahali panapoitwa North Col, kiasi cha mita 7,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa msomaji anayeijua Kilimanjaro: hapo tayari ni zaidi ya kilomita moja juu ya kilele cha Uhuru, na bado mlima unaendelea.

Mlango ukawa umepatikana. Tatizo ni kwamba ngazi ya kuufikia ni ukuta wa barafu na theluji wenye urefu wa mamia ya mita. Theluji hiyo hulala salama siku nyingi, na siku nyingine hailali.

MAJIRA YA KUCHIPUA, 1922

Everest hupandwa Mei, mwishoni mwa majira ya kuchipua, na si kwa mapenzi ya mtu. Wakati wa baridi kali upepo wa juu hauruhusu binadamu kusimama. Kisha kuanzia Juni unaingia upepo wa kusi kutoka Bahari ya Hindi, kusi hiihii iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda India. Ikigonga Himalaya inamwaga mvua chini, na huko juu mvua hiyo ni theluji. Katikati ya baridi na kusi kuna dirisha dogo la wiki chache. Ukichelewa, limefungwa.

Msafara wa 1922 uliongozwa na Jenerali Charles Bruce. Mei 21, Mallory, Edward Norton na daktari Howard Somervell walifika kiasi cha mita 8,225 bila mitungi ya oksijeni. Hakuna binadamu aliyekuwa amefika juu namna hiyo kabla yao. Wakati wa kushuka, Henry Morshead, aliyekuwa amechoka na kugandishwa vidole, aliteleza akawavuta wenzake wawili. Mallory akakita shoka lake la barafu kwenye theluji, akazungusha kamba, akawazuia wote watatu. Wanne waliokoka kwa mkono wa mtu mmoja.

Siku sita baadaye George Finch na Geoffrey Bruce, wakitumia oksijeni, walipanda zaidi, kiasi cha mita 8,320. Rekodi ikavunjwa, lakini kilele bado.

Ilikuwa mwisho wa Mei. Wengi walikuwa wagonjwa, na baadhi walikwisha anza safari ya kurudi nyumbani. Ilipangwa jaribio la tatu, na Mallory akapewa aliongoze. Juni ilipoanza, theluji nayo ikaanza kuanguka. Ilianguka sana. Juni 6 jua likawaka, mlima ukang'aa, na ikaonekana kama mambo yametulia.

JUNI 7

Asubuhi ya Juni 7 waliondoka kambi ya tatu watu 17. Mallory, Somervell na Colin Crawford walikuwa Waingereza watatu, na wapagazi walikuwa 14. Hao ndio watu ambao huku Kilimanjaro tunawaita wagumu: wanaobeba mizigo ya kila mtu na kutajwa mwishoni. Walifungwa katika kamba nne, kundi baada ya kundi, mstari mmoja ukipanda kuelekea North Col.

Hapana haki kusema hawakufikiri. Walijua theluji mpya ni hatari. Chini ya mteremko, sehemu yenye mwinuko mkali, waliijaribu kwa kuikanyaga na kuichimba waone kama itateleza. Haikuteleza. Wakaona kama hapa pabaya pamekaa, basi kule juu patakaa. Wakaendelea, wakizama kwenye theluji hadi magotini, Somervell akiwa mbele anachonga njia.

Saa saba na nusu mchana, wakiwa kiasi cha mita 200 chini ya North Col, waliusikia mlio mzito. Theluji yote juu yao ikapasuka mstari mrefu, ikaanza kushuka. Mallory na wenzake wa kamba ya kwanza walibebwa na kufunikwa, lakini kwa bahati theluji ikasimama, wakajichomoa. Kundi la pili likasukumwa mbali kidogo nalo likasimama. Makundi mawili ya nyuma hayakusimama. Chini yao kulikuwa na ukingo wa barafu, na watu tisa wakarushwa nje ya ukingo ule, wakaangukia kwenye ufa mkubwa, na theluji ikashuka juu yao.

Waliobaki walikimbilia chini wakachimba kwa mikono na mashoka. Walitoa wawili wakiwa hai. Saba walikufa, na mmoja wao hata mwili haukupatikana. Miongoni mwao walikuwamo Lhakpa, Pasang, Temba na Norbu. Wenzao waliomba waliokufa waachwe palepale kwenye barafu, na ikawa hivyo. Kambini ukajengwa mnara wa mawe kuwa kumbukumbu yao.

Hakuna Mwingereza hata mmoja aliyekufa. Jambo hilo lilimkaa rohoni Somervell, ambaye alitamani angalau mmoja wao angelala pale na wale saba, ili Washerpa wajue kuwa hasara ni ya wote. Mtu huyu baadaye aliacha maisha mazuri ya Uingereza, akaenda kuwa daktari wa misheni kusini mwa India kwa miaka mingi.

Mallory hakutafuta wa kumsingizia. Aliandika kwa mkewe na kwa wakubwa wa msafara kwamba uamuzi ulikuwa wake, na kwamba wale watu hawakuijua theluji kama yeye alivyodhani anaijua. Walimwamini, wakamfuata. Wapo waliomtetea na wapo waliomlaumu chinichini, wakisema hakustahili kwenda pale baada ya theluji nyingi vile. Yeye alikuwa upande wa waliomlaumu.

KWA NINI ULE MTEREMKO?

Leo wataalamu wa theluji wanaweza kuisoma siku ile kama daktari anavyosoma picha ya mfupa. Theluji haianguki mlimani ikawa kitu kimoja. Inajipanga tabaka juu ya tabaka, kama mikeka. Mkeka mpya ukitandikwa juu ya mkeka mgumu wa zamani, haushikani nao vizuri kwa siku kadhaa. Upepo nao huhamisha theluji kutoka upande mmoja wa tuta na kuirundika upande wa pili, ikawa bamba zito linalosubiri kuguswa.

Halafu kuna jua la majira ya kuchipua. Asubuhi theluji imeganda, unatembea kama juu ya saruji. Mchana jua likipiga, inalainika, maji yanapenya katikati ya tabaka, na kile kilichokuwa gundi kinakuwa utelezi. Ndiyo maana watu wa milimani huanza safari usiku wa manane na kutaka wawe wameshatoka kwenye mteremko kabla jua halijapanda.

Mwinuko nao una siri yake. Ukuta mkali kabisa mara nyingi si wa kuogopwa sana, kwa sababu theluji hushindwa kukaa ikamwagika kidogo kidogo. Pabaya zaidi ni kati ya nyuzi 30 na 45, pale ambapo theluji inakaa na kurundikana hadi siku yake. Kwa hiyo jaribio la Mallory la kupima sehemu yenye mwinuko mkali halikuwa na majibu aliyoyataka. Sehemu moja kutulia haithibitishi kwamba sehemu ya jirani imetulia.

La mwisho ni watu wenyewe. Katika maporomoko mengi yanayoua wapandaji na watelezaji, anayeiamsha theluji ni mhusika mwenyewe au mwenzake, kwa uzito wa miguu yao. Watu 17 kwenye mteremko mmoja kwa wakati mmoja ni mzigo, na wakiwa wamefungana kamba, mmoja akienda anaondoka na wenzake. Siku hizi kanuni ni kupita mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali salama wakimwangalia. Kila mtu hubeba kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya dakika 10 au 15 ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya hapo, nafasi hiyo inashuka kwa kasi. Mwaka 1922 hakuna aliyekuwa na kifaa hata kimoja kati ya hivyo.

WANNE WALE WENGINE

Alipoalikwa tena mwaka 1924, Mallory alisita. Alikuwa na mke, watoto watatu wadogo, na kazi mpya Cambridge. Alikwenda.

Jenerali Bruce aliugua malaria njiani, uongozi ukamwangukia Norton. Hali ya hewa ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Mei 23, baada ya theluji kubwa, kundi la wapagazi lilishushwa kutoka North Col. Wanne hawakushuka. Waliuogopa mteremko wakarudi hemani, wakabaki wenyewe juu ya ule ukuta, chakula kidogo, baridi kali. Baadhi yao walikuwa wamegandishwa miguu.

Ukuta ni uleule wa 1922. Theluji ni mpya vilevile. Akili ya kawaida ingesema msubiri. Lakini kusubiri kulikuwa na maana ya kuwaacha wafe.

Mei 24 walipanda watu watatu: Norton, Somervell na Mallory. Wote walikuwa wagonjwa, wanakohoa, hawajalala vizuri. Safari hii walipita mmoja mmoja kwenye sehemu mbaya, wengine wakishikilia kamba. Somervell alivuka akielekea kwa wale wanne hadi kamba ikaisha, ikiwa imebaki kama mita 10 kuwafikia. Hakuna kamba nyingine. Ikabidi wapagazi waifuate wenyewe ile nafasi iliyobaki. Wawili wakafika. Wawili wa mwisho wakatoka pamoja, theluji ikakatika chini yao, wakateleza kuelekea shimoni, na kwa neema wakasimama baada ya mita chache. Somervell akafungua kamba kiunoni, akaifunga kwenye shoka lake alilolikita, akanyoosha mkono akiwa ameshikilia ncha ya kamba, akawakamata mmoja baada ya mwingine.

Usiku walifika kambini watu saba, wote hai. Nguvu walizotumia siku ile walizihitaji sana kwa ajili ya kilele, na kila mmoja wao alilijua hilo wakati anaanza kupanda.

WINGU LA SAA SABA

Juni 4 Norton alifika mita 8,573 bila oksijeni, rekodi iliyokaa hadi mwaka 1978. Alirudi akiwa haoni kwa kuunguzwa macho na mwanga wa theluji. Ikabaki nafasi moja. Mallory, umri miaka 37, akamchagua Andrew Irvine, kijana wa miaka 22, fundi mzuri wa mitungi ya oksijeni.

Juni 8, saa saba kasoro dakika kumi mchana, mwenzao Noel Odell aliona wingu likifunguka, na nukta mbili nyeusi zikipanda kwenye ukingo wa juu. Wingu likafunga. Hawakuonekana tena.

Mwaka 1933 shoka la barafu la Irvine liliokotwa kiasi cha mita 8,460. Aliyeliokota alikuwa Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, ambaye mwaka 1929 alipanda kilele cha Nelion cha Mlima Kenya pamoja na Eric Shipton. Mei 1, 1999, mwili wa Mallory ulipatikana kiasi cha mita 8,155, kamba ikiwa bado kiunoni, mguu mmoja umevunjika. Ilikuwa wazi kwamba alianguka. Mwaka 2024, miaka 100 baadaye, mguu ulio ndani ya kiatu na soksi yenye jina la Irvine ulipatikana kwenye barafu ya chini.

Ruth alibaki na watoto watatu. Mdogo wake Mallory, Trafford, alipanda vyeo hadi kuwa mkuu wa vikosi vya anga katika Vita Kuu ya Pili, naye akafa mwaka 1944 ndege yake ilipoanguka kwenye milima ya Alps ya Ufaransa.

Siku ile kule Chamonix, aliyepokea zawadi kwa niaba ya msafara, Edward Strutt, aliahidi kwamba medali moja itapelekwa hadi kileleni. Ahadi ilitimizwa mwaka 2012 na Mwingereza Kenton Cool. Miaka miwili baada ya hapo, Aprili 18, 2014, barafu iliporomoka upande wa Nepal wa mlima uleule, asubuhi, wapagazi na waongozaji wakiwa wamebeba mizigo ya watalii. Walikufa 16, wote wa Nepal. Safari hiyo Washerpa waligoma. Walikataa kupanda, wakadai bima nono na fidia kwa wajane, na msimu ule wa upande wa kusini ukafungwa karibu wote.

Ilichukua miaka 92 tangu wale saba. Mallory angewaelewa. Alishaona mwenyewe nani hulipa kwanza pale mwenye kuamua anapoisoma theluji vibaya, na Mei 24, 1924, akiwa na kifua kibovu, alipanda kwenda kulipa sehemu aliyoiweza.